Mbuzi na Wenzake Uani: Makazi ya Mifugo Mchanganyiko Mjini Songea

Katika mitaa mingi ya Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, si ajabu kukuta ua mmoja una mbuzi wawili watatu, kuku wa kienyeji, bata, nguruwe nyuma ya nyumba na mbwa wa kulinda, kwa kuwa mji huo bado umeshikana na mashamba ya mahindi. Mbuzi wa namna hiyo mara nyingi hugeuka kuwa mwenyeji wa nyumba, akapewa jina, akazoeana na watoto, na akaitwa akaitika. Mazoea ya kumfunga kamba wakati mazao yangali shambani, kisha kumwachia azurure baada ya mavuno, hayamfai akitakiwa kuishi uani mwaka mzima. Na wanyama hawa wanaweza kuota jua pamoja bila taabu yoyote, mradi chakula chao, vinyesi vyao na malazi yao visichanganywe.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni mvua, ambayo Songea hunyesha katika msimu mmoja mrefu, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na baada yake hufuata baridi ya Juni na Julai. Mbuzi huchukia kulowa kuliko ng'ombe, na akilala kwenye tope hupatwa na kichomi, yaani ugonjwa wa mapafu, au kuoza kwato. Kwa sababu hiyo wataalamu wa mifugo hupendekeza banda la kichanja, ambalo sakafu yake huinuliwa kiasi cha mita moja kutoka ardhini na kutengenezwa kwa mabanzi au mianzi iliyopangwa kwa kuachiwa nafasi za sentimita moja na nusu hivi, ili kinyesi na mkojo vidondoke chini, lakini kwato za vitoto zisinase. Mbuzi mzima hutengewa takriban mita moja na nusu ya mraba, na upande wa kusini-mashariki, unakovuma upepo wa baridi, huzibwa. Wapo wanaoona uvungu wa kichanja kuwa nafasi ya bure ya kuwalaza kuku, lakini huko ni kuwalaza chini ya choo. Uvungu huo una kazi yake, nayo ni kufagiliwa mara kwa mara ili samadi ipelekwe shambani.

Chakula ndicho chanzo cha ajali nyingi ambazo hulaumiwa uchawi au sumu ya jirani. Mbuzi ni mnyama anayecheua, yaani hurudisha mdomoni majani aliyokwisha kumeza na kuyatafuna upya, na tumbo lake la kwanza limejaa vijidudu vinavyomeng'enya nyuzinyuzi za majani taratibu. Akivamia debe la mahindi ya kuku, pumba au machicha ya pombe ya nguruwe, wanga huo huchacha kwa kasi, tumbo hujaa asidi, naye anaweza kufa kwa siku moja au mbili. Dawa yake ni ujenzi: kuku walishwe ndani ya kibanda chenye mlango mdogo usiopitisha hata kitoto cha mbuzi, na chakula cha nguruwe kisiachwe wazi.

Majani ya mbuzi nayo yafungwe mafungu na kuning'inizwa kwenye kimo cha kichwa, au yawekwe katika hori lililoinuliwa na kufunikwa lisije likawa kituo cha kuku. Mbuzi, ambaye watu humdhania kuwa hula chochote, hunusa kwanza kila fungu, na lililokanyagwa au kudondoshewa kinyesi hulipa kisogo hata kama ana njaa.

Uzio wa mita moja na robo au zaidi hutosha, ila magogo na mikokoteni visiegemezwe karibu nao, kwani huwa ngazi. Seng'enge huchana masikio na viwele, na minyaa, pamoja na uzuri wake kama wigo, hutoa utomvu unaounguza macho.

Minyoo ya mbuzi huenea kwa lava wanaopanda juu ya nyasi zenye umande, hivyo ni busara kuwatoa mbuzi umande ukishakauka. Mbuzi mgeni atengwe wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa na wenyeji, kwa kuhofia sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi uliothibitishwa kaskazini mwa Tanzania mwaka 2008 na kufika kusini muda mfupi baadaye. Mbwa naye ana sehemu yake katika mzunguko huu: akirushiwa kichwa kibichi cha mbuzi aliyechinjwa, anaweza kupata tegu ambaye mayai yake hutoka na kinyesi, yakaliwa na mbuzi pamoja na majani, kisha yakazaa malengelenge ndani ya ubongo yanayomfanya mbuzi azunguke mahali pamoja hadi aanguke, kwa hiyo kichwa hicho kichemshwe mpaka kiive, au kizikwe kwenye shimo ambalo mbwa hawezi kulifukua.