Sabuni ya Uso katika Nyanda Kavu za Kati

Mwanafunzi atokaye Tanga au Dar es Salaam kwenda kusoma Dodoma aghalabu hugundua jambo moja kabla ya muda mrefu kupita. Sabuni ile ile aliyokuwa akiitumia nyumbani bila taabu sasa humwachia uso uliokakamaa, wenye magamba meupe kandokando ya pua na mdomo. Wengine hudhani kwamba sabuni imeharibika. Wengine hudhani kwamba uso haujatakata, hivyo huusugua zaidi, au hutafuta sabuni iliyo kali kuliko ile ya kwanza. Yamkini sabuni haina kosa jipya lolote. Kilichobadilika ni hewa na maji.

Kuchagua sabuni ya uso huhesabiwa na watu wengi kuwa ni suala la urembo, na kwa hiyo huachiwa matangazo ya biashara. Lakini ndani ya suala hili mna kemia, mna biolojia, na pia mna hatari ya kweli kwa afya. Kosa dogo la kuchagua sabuni huweza kuzaa kosa kubwa zaidi, kama itakavyoelezwa.

Hewa na maji ya Dodoma

Mji wa Dodoma upo kwenye uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake kwa mwaka ni kama milimita 600 au pungufu, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo hufuata miezi mingi ya kiangazi, yenye upepo, vumbi na hewa yenye unyevu mdogo. Katika hewa ya pwani, iliyojaa mvuke wa bahari, maji huondoka katika ngozi polepole. Katika hewa kavu ya nyanda za kati huondoka upesi.

Maji nayo ni tofauti. Kwa miongo mingi mji umetegemea visima virefu vya bonde la Makutupora, kaskazini ya Dodoma. Vijijini watu wengi hutegemea visima, mabwawa, na maji yanayochimbwa katika mchanga wa makorongo yaliyokauka. Maji yatokayo ardhini hupita katika miamba na udongo kabla ya kufika kisimani, na njiani huyeyusha chumvi mbalimbali, hasa za kalsiamu na magnesiamu. Maji yenye chumvi hizo kwa wingi huitwa maji magumu.

Ngozi kama ukuta

Tabaka la nje kabisa la ngozi ni jembamba sana. Limejengwa kwa seli zilizokufa, zilizopangwa moja juu ya nyingine, na katikati yake mna mafuta maalumu. Mtu akipenda aweza kulifananisha na ukuta: seli ni matofali, na mafuta ni udongo unaoyashikamanisha. Ukuta huo hufanya kazi mbili. Huzuia maji ya mwilini yasitoke ovyo, na huzuia vijidudu na sumu visiingie.

Juu ya ukuta huo kuna utando mwembamba wa jasho na mafuta yatokayo katika tezi za ngozi. Utando huu una asidi kidogo. Katika kipimo cha pH, ambamo 7 ni maji safi, uso wa ngozi yenye afya huwa kati ya 4.5 na 6 hivi. Asidi hiyo ina manufaa: huwazuia baadhi ya bakteria waletao maradhi wasistawi, na huusaidia mwili kutengeneza yale mafuta ya ukutani.

Sabuni hufanyaje kazi

Sabuni ya kawaida hupatikana kwa kuchemsha mafuta, kama vile ya mawese, nazi au wanyama, pamoja na alkali kali kama kostiki soda. Mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeeleza kisayansi, mwanzoni mwa karne ya 19, jinsi mafuta yanavyovunjika na kutoa sabuni na gliserini. Molekuli ya sabuni ina ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine hupenda mafuta. Ncha ya pili hujichoma ndani ya uchafu wenye mafuta, ile ya kwanza hushikwa na maji, na uchafu ukachukuliwa.

Hapo ndipo penye faida, na hapo hapo ndipo penye madhara. Sabuni haiwezi kutofautisha mafuta ya uchafu na mafuta ya ukuta wa ngozi. Huyaondoa yote kwa kadiri ya nguvu yake. Aidha, sabuni ya kawaida ina pH ya 9 hadi 10, pengine hata zaidi. Mwanafunzi wa kemia atakumbuka kwamba kila hatua moja ya pH ni badiliko la mara 10. Kutoka pH 5 ya ngozi hadi pH 10 ya sabuni ni hatua tano, yaani tofauti ya mara 100,000 katika ukolezo wa ioni za haidrojeni. Ngozi yenye afya hurudisha asidi yake baada ya saa chache. Mtu anawaye uso kwa sabuni mara nne au tano kwa siku haipi ngozi yake nafasi hiyo.

Maji magumu huongeza taabu. Ioni za kalsiamu na magnesiamu huungana na sabuni na kutoa kitu kisichoyeyuka, ule utando wa kijivu unaoonekana kandoni mwa beseni. Utando huo hubaki pia usoni, na hauondoki kwa urahisi kwa maji yale yale. Tena, kwa kuwa sehemu ya sabuni imekwisha potea bila kutoa povu, mnawaji huongeza sabuni nyingine. Basi ngozi hupata alkali zaidi, na masalia zaidi.

Kwa sababu hiyo wanakemia walitengeneza visafishio ambavyo si sabuni kwa maana ya asili. Vingi vyake havigandi katika maji magumu, na pH yake huweza kurekebishwa ili ikaribie ile ya ngozi. Baadhi huuzwa katika umbo la kipande, nyingine katika umbo la maji au krimu. Kwenye lebo huweza kuandikwa kwamba havina sabuni, au hutajwa pH yake. Hata hivyo, si kila kimiminika ni laini, wala si kila kipande ni kikali.

Jaribio la darasani

Mambo haya yaweza kuthibitishwa kwa vifaa vichache. Chukua chupa mbili zilizo sawa. Katika moja tia maji ya mvua, katika nyingine kiasi hicho hicho cha maji ya kisima. Kwangua sabuni ya kipande, ugawe unga wake sawasawa katika chupa zote mbili, kisha uzitikise kwa muda ulio sawa. Pima urefu wa povu kwa rula, na utazame kama maji yamefanya utando. Iwapo maji ya kisima ni magumu, povu litakuwa dogo na utando utaonekana.

Kwa jaribio la pili, loweka maua makavu ya rozela, yaani choya, katika maji ya moto na uache yapoe. Maji hayo mekundu hubadilika rangi yanapokutana na alkali. Tia matone machache katika kikombe chenye ndimu, katika kingine chenye maji ya sabuni ya kufulia, katika cha tatu chenye maji ya sabuni ya kuogea, na katika cha nne chenye kisafishio cha uso kisicho sabuni. Ndimu itadumisha wekundu. Kadiri alkali inavyozidi, ndivyo rangi itakavyoelekea kwenye buluu au kijani. Wanafunzi wazipange sabuni zao kwa kufuata rangi, sio kwa kufuata bei wala harufu.

Kuitambua ngozi yako

Hakuna sabuni iliyo bora kwa watu wote. Njia rahisi ya kuitambua ngozi ni kunawa uso kwa upole, kuukausha bila kuusugua, kisha kutoupaka kitu chochote kwa saa moja. Ngozi ikikaza na kuwasha, hiyo ni kavu. Iking'aa mafuta usoni kote, ni ya mafuta. Iking'aa katika paji la uso, pua na kidevu tu, huku mashavu yakiwa makavu, ni ya mchanganyiko. Ikiwaka moto au kutoka vipele kila ipatapo sabuni mpya, ni ngozi nyepesi kudhurika.

Mwenye ngozi kavu afaa kunawa kwa kisafishio laini mara moja kwa siku, jioni, ili kuondoa vumbi na jasho. Asubuhi maji matupu yatosha. Mwenye ngozi ya mafuta aweza kukitumia mara mbili. Mwenye ngozi ya mchanganyiko akielekeze zaidi katika sehemu zenye mafuta. Mwenye ngozi nyepesi aepuke manukato, na kila kitu kipya akijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono kwa siku chache. Wote waache sabuni ya kufulia na dodoki mbali na uso.

Katika kiangazi cha Dodoma, mafuta yapakwe mara tu baada ya kunawa, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya mgando hupunguza upotevu wa maji. Hata mafuta ya alizeti, zao lilimwalo sana Dodoma na Singida, yana asidi ya linoleiki ambayo ni mojawapo ya mahitaji ya ukuta wa ngozi. Mwenye chunusi apake kidogo tu, au atumie losheni isiyoziba vitundu.

Sabuni ziandikwazo kuwa zaua vijidudu hazina budi kutazamwa kwa uangalifu. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizuia kemikali 19 zilizokuwa zikitumika katika sabuni za namna hiyo, ikiwamo triklosani, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku, wala kwamba zilishinda sabuni ya kawaida na maji.

Kutoka chunusi hadi zebaki

Vijana wengi huota chunusi kwa sababu homoni za balehe huziamsha tezi za mafuta. Chunusi si uchafu, na haiondolewi kwa kusugua. Kusugua huiumiza ngozi, na ngozi nyeusi iliyoumia hujibu kwa kutoa melanini nyingi. Chunusi hupona, lakini nyuma yake hubaki doa jeusi ambalo laweza kudumu kwa miezi.

Doa hilo ndilo mlango wa balaa. Kijana akiliona hutafuta cha kuliondoa upesi, na sokoni huelekezwa kwenye sabuni au krimu ya kujichubua. Baadhi ya vitu hivyo vina zebaki. Zebaki huzuia utengenezaji wa melanini, hivyo doa hufifia kweli. Lakini pia hupenya ngozi, huingia katika damu, na hudhuru figo na neva. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitoa taarifa ya watu wazima waliougua figo hata miili ikavimba. Sehemu kubwa ya wagonjwa hao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki.

Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliyaweka matumizi ya zebaki katika vipodozi miongoni mwa mambo ya kukomeshwa ulimwenguni. Tanzania nayo imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Hata hivyo, vipodozi hivyo hupenyezwa, na mkorogo huchanganywa vichochoroni bila lebo yoyote. Kanuni ni nyepesi: kisafishio kinachoahidi kuigeuza rangi ya ngozi kwa siku chache kisitumike. Mwenye chunusi kali aende zahanati au hospitali.

Funzo la Kongwa

Je, asiye na uwezo wa kununua kisafishio chochote? Jibu lapatikana katika mkoa huo huo. Wilaya ya Kongwa ilijulikana kwa wingi wa trakoma, yaani vikope, ugonjwa wa bakteria ambao ukirudiarudia hupinda kope ndani mpaka zikakwaruza jicho na kulipofusha. Bakteria hao huenezwa kwa vidole, nguo, na nzi watuao juu ya tongotongo na makamasi.

Watafiti wa Kitanzania na wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walifuatilia watoto 1,417 wenye umri wa mwaka 1 hadi 7 katika vijiji sita. Watoto wote walipewa dawa ya macho. Katika vijiji vitatu wazazi walihimizwa pia kuwanawisha watoto nyuso. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1995, yalionyesha kwamba trakoma kali ilikuwa chache zaidi katika vijiji vilivyohimizwa kunawa, hasa kwa watoto ambao nyuso zao ziliendelea kuwa safi. Baadaye usafi wa uso ukawa mojawapo ya nguzo nne za mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kupambana na trakoma.

Katika nyanda hizo maji huchotwa mbali, na wazazi wengi waliona kwamba kunawisha watoto kungemaliza ndoo. Kumbe maji ya kutosha uso mmoja ni machache mno, tena hayahitaji sabuni. Viganja vichache vya maji safi, vikimwagwa na kuondoa tongotongo na makamasi, vimekwisha fanya kazi iliyo kubwa.

Basi anayechagua sabuni ya uso aanze na ngozi yake, maji ya kisima chake na hewa ya mahali alipo, kisha ndipo aitazame bei na harufu. Aikadirie sabuni kwa hali ya ngozi saa moja baada ya kunawa: ikiwa safi, tulivu na bila kukaza, sabuni hiyo yamfaa.