IU, mcg na mg: Tusomeje Lebo za Vitamini?

Katika familia nyingi za parokia zetu hapa Mwanza na kandokando ya Ziwa Viktoria, vitamini huingia nyumbani kwa njia tatu: kliniki ya wajawazito, matone ya watoto, na chupa zinazoletwa na ndugu au wafadhili kutoka nje. Tatizo ni kwamba vipimo vyake havifanani. Chupa moja ya vitamini D imeandikwa 1,000 IU, nyingine 25 mcg. Anayetazama namba tu atadhani ya kwanza ina nguvu mara arobaini. Kumbe zote mbili zina kiasi kilekile.

Uzito na kazi

Alama mg na mcg ni za uzito. Gramu moja ina miligramu (mg) 1,000, na miligramu moja ina maikrogramu (mcg, au µg) 1,000. Hivyo asidi ya foliki ya 400 mcg ni 0.4 mg. Kidonge cha 5 mg kina 5,000 mcg, yaani zaidi ya mara kumi na mbili ya hiyo.

IU, yaani kipimo cha kimataifa, si uzito. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanasayansi walizitambua vitamini kwa kazi yake kabla hawajaweza kuzipata zikiwa safi na kuzipima kwenye mizani. Waliwalisha wanyama, hasa panya, wakaangalia ni kiasi gani kinaponya upungufu. Mwaka 1931, katika mkutano wa London, vilikubaliwa vipimo vya pamoja vya baadhi ya vitamini.

Wanaokwenda soko la Mwaloni, Kirumba, wanalijua jambo hili. Debe la dagaa wakavu na debe la mahindi ni debe lilelile, lakini kwenye mizani kilo hazilingani. Ukiuliza debe moja ni kilo ngapi, utaulizwa kwanza: debe la nini? Vivyo hivyo hatuwezi kugeuza IU kuwa uzito kabla ya kujua ni IU za vitamini gani.

Kanuni za kugeuza

- Vitamini D: gawanya IU kwa 40, upate mcg. Kwa hiyo 400 IU ni 10 mcg.
- Vitamini A aina ya retinoli: zidisha IU kwa 0.3, upate mcg. Kwa hiyo 5,000 IU ni 1,500 mcg.
- Vitamini E: IU moja ya asili ni 0.67 mg, ya kutengenezwa kiwandani huhesabiwa 0.45 mg.
- Vitamini C na zile za kundi B huandikwa kwa uzito tu.

Kanuni ya vitamini moja haitumiki kwa nyingine. Tukumbuke pia kwamba lebo mpya za Marekani zimeacha IU na kutumia uzito. Chupa mpya yenye namba ndogo si lazima iwe dhaifu kuliko ile ya zamani.

Mahali ambapo kosa ni hatari

Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa kidonge laini cha bluu cha 100,000 IU; wa miezi 12 hadi 59 hupewa chekundu cha 200,000 IU. Hicho chekundu ni 60,000 mcg, yaani 60 mg. Hutolewa kwa nadra kwa sababu ini huihifadhi vitamini hiyo.

Kwa mjamzito, kikomo cha retinoli kwa siku ni 10,000 IU, yaani 3,000 mcg. Kidonge kimoja chekundu ni mara ishirini ya kikomo hicho, na retinoli ikizidi, hasa miezi ya mwanzo, inaweza kuharibu maumbile ya mtoto tumboni. Kwa hiyo dawa ya mtoto isigawanywe kwa mama. Anayemeza vidonge vya vitamini pamoja na mafuta ya ini la samaki ajumlishe vyote viwili.

Viazi lishe, maembe, mapapai na mchicha havina hofu hiyo. Vina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri ya mahitaji yake.

Kosa jingine ni la herufi moja. Anayenakili 25 mcg za vitamini D akaandika 25 mg ameandika IU 1,000,000 badala ya 1,000.

Kwa hiyo, sisi tunaosaidia kugawa misaada parokiani tuandike daima mambo matatu pamoja: jina la vitamini, namba na kipimo chake. Kitabu cha Walawi kinadai mizani ya haki, na haki hiyo inamhusu pia anayepokea kidonge. Chupa ambayo lebo yake haisomeki isigawiwe, na mama mjamzito aende na chupa yake kwa mfamasia au muuguzi kabla ya kuanza kuitumia.