Ekzosi ya Moto kwenye Mlima wa Chome

Barabara za vumbi za kupanda Chome, wilayani Same, huidai pikipiki nguvu zake zote. Kijiji hiki kiko karibu na msitu wa Shengena, ambao kilele chake, mita 2,462, ndicho kirefu kuliko vyote katika Milima ya Upare.

Bodaboda nyingi hupozwa na upepo. Kwenye tambarare upepo ni mwingi. Mlimani, dereva akiwa gia ya kwanza na abiria na gunia nyuma, injini huzunguka kwa kasi huku chombo kikitambaa. Upepo hupungua, joto huongezeka, na ekzosi huwaka.

Chuma chenye nyuzi joto 70 huweza kuunguza ngozi kwa takriban sekunde moja, na ekzosi hupita kiwango hicho kwa urahisi. Kwa kuwa kwenye bodaboda nyingi bomba liko kulia, anayeumia mara nyingi ni abiria, kwenye shavu la mguu wa kulia.

Kinga ya kwanza ni bati linalofunika ekzosi. Likilegea lifungwe, likipotea linunuliwe jingine. Fundi akague pia gasketi na kabureta, kwani injini inayopata petroli kidogo mno ikilinganishwa na hewa huchemka zaidi. Mizigo ya majani makavu na mifuko ya plastiki ikae mbali na bomba.

Abiria, pandia na shukia kushoto. Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Jeraha likitoa malengelenge makubwa, nenda zahanati.