Saini ya Mtandaoni Inatambulika, Kazi Ni Kuithibitisha

Mchonga vinyago wa Dunda, Bagamoyo, anayemuuzia mteja wa Ulaya, au mwenye nyumba ya wageni anayeagiza samaki kwa WhatsApp, ana haki ya kuuliza: mkataba usio na wino unashika mahakamani? Unashika. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inakubali hata makubaliano ya mdomo, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza ujumbe kunyimwa nguvu ya kisheria kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Mlango ulianza kufunguka zamani: katika kesi ya Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, ya mwaka 2000, Jaji Nsekela alikubali kumbukumbu za benki zilizotoka kwenye kompyuta. Ubishi uliobaki ni wa ushahidi. Mtu akiikana saini, nani ataonyesha kuwa ni yake?

Hapo ndipo saini zinapopishana. Kwa kifungu cha 7 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, saini salama ni ya pekee kwa kazi yake, inamtambulisha aliyeitia, ameitia mwenyewe, iko mikononi mwake, na imefungamanishwa na muamala kiasi kwamba badiliko lolote litaonekana. Wengi hupiga picha saini ya wino wakaibandika kwenye mkataba. Picha hiyo inakwama kwenye sharti la mwisho: bei ikichezewa baadaye, yenyewe haibadiliki. Saini ya kidijitali hukokotoa muhtasari wa hati nzima na kuufunga kwa ufunguo wa siri wa mwenyewe. Mpokeaji huukagua kwa ufunguo wa wazi. Sifuri moja ikiongezwa, hesabu zinakataa.

Yupo atakayesema simu huibwa na nywila huvuja. Kweli, lakini wino nao hughushiwa, na karatasi haimwambii msomaji kwamba ukurasa wa pili umebadilishwa. Mwingine atasema mfanyabiashara mdogo hawezi kununua cheti cha kidijitali. Hakihitaji kwa kila oda. Kifungu cha 18 cha sheria hiyohiyo kinaitaka mahakama ipime ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na mtumaji alivyotambulishwa. Kwa hiyo oda ya samaki yaweza kulindwa na mazungumzo yasiyofutwa pamoja na ujumbe wa malipo ya simu wenye jina. Mkataba wa mwaka mzima wa kuuza vinyago nje unastahili saini salama. Kiwanja kina taratibu zake za hati na usajili, na alama ya dole gumba kwenye simu haizifuti. Kabla ya kuchagua saini, piga hesabu ya utakachopoteza mwenzako akikana.