Kompyuta Inapokataa Kuwaka

Kiangazi katika mkoa wa Singida huchukua takriban nusu mwaka. Ardhi hukauka, na upepo hupeperusha vumbi laini hadi ndani ya nyumba. Kompyuta ya mezani iliyo nyumbani kwa mwalimu wa Manyoni au Iramba huvuta vumbi hilo kila iwashwapo, kwa kuwa feni zake huingiza hewa ya kupoza mitambo. Hatimaye huja siku ambapo swichi hubonyezwa na mashine isiwake. Wengi huamua papo hapo kwamba imekufa, wakaiuza kama chakavu pamoja na alama za wanafunzi na mitihani iliyohifadhiwa ndani yake. Uamuzi huo mara nyingi ni wa haraka mno.

Ili kutambua hitilafu, yafaa kwanza kufahamu jinsi kompyuta inavyoamka. Kazi hiyo hufanyika kwa hatua tatu. Katika hatua ya kwanza, kisanduku cha umeme hubadili mkondo geu wa volti 230 kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Katika hatua ya pili, prosesa husoma maagizo yaliyoandikwa katika kumbukumbu ya kudumu, kisha hukagua viungo vya mashine. Katika hatua ya tatu, hutafuta katika diski programu kuu inayoendesha kazi zote. Hatua moja ikishindikana, inayofuata haiwezi kuanza. Kwa hiyo swali la msingi ni hili: mashine imekwama katika hatua ipi?

Ikiwa hakuna taa wala mlio wa feni, hitilafu iko katika njia ya umeme. Soketi na ijaribiwe kwa taa ya mezani inayofanya kazi. Kisha uchunguzwe waya, na pia fyuzi iliyomo katika plagi ya miguu mitatu ya mstatili. Vitu hivi ni vya bei ndogo, na ndivyo husahauliwa kwanza.

Ikiwa feni huzunguka lakini skrini ni nyeusi, kwanza ihakikishwe kuwa skrini yenyewe imewashwa na waya wake umeshika. Baada ya hapo hushukiwa vipande vya kumbukumbu, ambavyo vumbi huweza kuvizuia visigusane vema na bodi kuu. Baadhi ya kompyuta hutoa milio mifupi au mirefu. Maana ya milio hiyo hutofautiana kwa kila mtengenezaji, nayo huelezwa katika kijitabu chake. Dawa ya kwanza ni kuzima, kuchomoa plagi, kuondoa vumbi kwa brashi laini na kavu, kuchomoa kipande na kukirudisha kikae barabara.

Ikiwa maandishi huonekana, kisha mashine husema kwamba haioni diski, basi hatua mbili za mwanzo zimekamilika. Huenda waya wa diski umelegea, au diski yenyewe imeharibika. Tarehe ikirudi nyuma miaka mingi kila mara, betri ndogo ya volti 3 katika bodi kuu imekwisha.

Tahadhari mbili ni za lazima. Kisanduku cha umeme kisifunguliwe na asiye fundi: kapasita zake huweza kubaki na chaji ya volti zipatazo 325, ambacho ndicho kilele cha mkondo wa volti 230, hata plagi ikiwa imechomolewa. Pili, katika hewa kavu mwili wa binadamu hukusanya umemetuli wa maelfu ya volti, unaotosha kuharibu kumbukumbu bila mtu kuhisi lolote. Kabla ya kugusa vipande, mkono na uguse kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi.

Kanuni inayoongoza kazi yote ni ile ya maabara: kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kuandika matokeo. Abadilishaye vitu vitatu kwa pamoja hatajua kipi kilichoponya. Na hata bodi kuu ikiwa imeungua kabisa, diski huweza kuwa nzima. Ikiunganishwa na kompyuta nyingine, alama na mitihani husomeka tena. Diski hiyo iondolewe kabla mashine haijapelekwa kwa mnunuzi wa vyuma.