Babake babu yako alizikwa wapi?

Hebu muulize nyanya yako leo, kabla hujafungua TikTok: babake babu alizikwa wapi? Usishangae akikujibu, “Alienda vita vya Wazungu, hakurudi.”

Hapo ndipo utaanzia. Andika majina yote aliyoitwa, hata ya utani, na kijiji chake. Makarani wa jeshi waliandika jina walivyolisikia, kwa hivyo jaribu tahajia tatu, nne hivi.

Kisha ingia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kutafuta ni bure. Kama alifia jeshini katika Vita vya Pili vya Dunia, huenda amelala Ngong Road, Gilgil au Nanyuki, na rekodi itakupa hata nambari ya kaburi.

Kama alikuwa mpagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, jikaze. Hao ndio Carrier Corps walioiachia Nairobi jina la Kariokor. Wengi walizikwa njiani bila alama yoyote. Mwaka wa 2021 tume yenyewe ilikiri kuwa angalau wafu 116,000 wa vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kuandikwa kwa majina. Sanamu ya mpagazi ipo Kenyatta Avenue tangu 1928. Jina lake je?

Ukilikosa, usifunge daftari. Mrekodi nyanya kwa simu akilitamka, umuulize pia ni nani alipewa jina hilo baadaye. Huenda ni wewe.