Kutofautisha Ukweli na Maoni Katika Insha ya Hoja

Mtahiniwa, hoja hupoteza nguvu maoni yanapoandikwa kana kwamba ni ukweli. Tazama mfano huu.

Machi 2006, kampuni ya Apple ilitoa programu mpya kwa baadhi ya iPod, vifaa vidogo vya kusikilizia muziki. Ilimwezesha mtumiaji kuweka kikomo cha sauti, na mzazi kukifunga kwa namba ya siri. Huo ni ukweli: unathibitishika.

“Programu hii imeharibu kifaa” ni maoni: yanaweza kupingwa. Maoni huwa hoja yanapopewa sababu. Kwa mfano: “Kikomo kinafaa, kwani Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki.”

Mpinzani atasema kuwa katika kelele za Kariakoo sauti ndogo haisikiki. Mjibu kwa sababu, si kwa kejeli: kelele hizo ndizo humfanya msikilizaji aongeze sauti hadi aumize masikio.

Zoezi: Je, mzazi afunge kikomo cha sauti kwenye simu ya mwanawe? Andika hoja moja ya kuunga mkono na moja ya kupinga.